Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya vyuo vikuu: chuo ni mizani, si tawi la chama

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania;
Kwa wenyeviti wa mabaraza na makamu wakuu wa vyuo vikuu;
Kwa wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi.

Yah: Wananchi wa Kusini kupoteza imani na vyuo vikuu kwa sababu ya siasa za vyama

Waheshimiwa,

Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari. Nimefundisha Historia na Kiswahili kwa miaka 34, Newala, Tandahimba na Mtwara mjini, na sasa nimerudi Newala kwenye mikorosho niliyoachiwa na marehemu baba. Sina kadi ya chama chochote na sigombei chochote. Nimesomesha watoto wawili hadi chuo kikuu kwa mshahara wa ualimu na fedha za korosho, na ningeanza leo ningefanya vilevile. Ninachokitetea katika barua hii ni chuo kikuu chenyewe, ingawa kuna mahali mtadhani nakishambulia.

Msimu wa korosho uliopita niliona jambo lililoninyima usingizi. Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuja nyumbani na dodoso zake 60. Alitaka kuwauliza wakulima kuhusu viuatilifu: salfa inawafikia lini, wanapuliza mara ngapi, gharama wanaibebaje. Akaniomba nimsindikize kijiji cha pili kwa sababu kule wananifahamu. Wengi wa wanaume wanaobeba magunia pale ghalani niliwafundisha mimi. Tulifika kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika asubuhi, foleni imeshajipanga. Binti akasalimia wazee shikamoo, wakaitika vizuri, akaeleza kwamba anatoka chuo na anafanya utafiti.

Mzee mmoja, mtu mpole ambaye sijapata kumsikia akigombana na mtu, akamuuliza, "Umetumwa na nani, mwanangu?"

"Na chuo, babu."

"Chuo cha nani?"

Binti akataja jina la chuo. Mzee akatikisa kichwa. "Jina lake nalijua. Nakuuliza ni cha nani. Cha hawa wa kijani, au cha wale wengine?"

Watu hawakucheka. Walikuwa wanangoja jibu. Binti akanitazama mimi, na mimi, mwalimu wa miaka 34, sikuwa na la kumsaidia. Jioni tulirudi na dodoso 11 zilizojazwa. Nilizisoma nikiwa barazani kwangu. Saba kati ya hizo zilisema pembejeo zote zinafika kwa wakati, hakuna shida yoyote, tunaishukuru serikali. Waheshimiwa, wawili wa waliojibu hivyo niliwasikia kwa masikio yangu, kwenye foleni ileile, wakilalamika kwamba salfa iliwafikia maua yameshapukutika. Hawakumdanganya binti kwa ubaya. Walijibu kama mtu anavyomjibu mjumbe wa chama aliyekuja na daftari.

Nataka mlione jambo hili kwa ukubwa wake. Mnapozungumza kuhusu imani ya wananchi kwa vyuo, mnazungumza kama vile ni suala la sifa, la chuo kupendwa au kutopendwa. Huku kijijini imani ndiyo malighafi ya elimu yenyewe. Mkulima akishaamini kwamba anayemuuliza ana chama nyuma yake, hatoi jibu. Anatoa kile anachodhani kinatakiwa. Dodoso linajazwa, linapelekwa chuoni, linaingizwa kwenye kompyuta, linatoka na asilimia, linakuwa ripoti, ripoti inakuja wizarani kwenu, mnapanga bajeti ya pembejeo kwa kuitegemea. Mwaka unaofuata salfa inachelewa tena, na ofisini kwenu kuna karatasi inayosema wakulima wameridhika.

Kama mnataka kuelewa ninachosema, njooni Oktoba mkae siku moja ghalani. Pale kitu kinachoheshimiwa kuliko vyote si mwenyekiti wala karani, ni mizani. Bei itajulikana mnadani, makato yatatajwa baadaye, malipo yatapitia benki, na yote hayo mkulima hayaoni. Mizani ndiyo kitu pekee anachokitazama kwa macho yake, mshale ukitulia anaujua uzito wa jasho lake. Kuna kijiji, sitakitaja, ambacho mwaka mmoja watu waliingiwa na shaka kwamba mizani ni ya mtu fulani. Wengi walirudisha magunia nyumbani, wengine wakauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ghala, kwa bei ya kutupa. Wakaguzi wa vipimo walipokuja, mizani ilikutwa nzima kabisa. Haikusaidia kitu. Msimu ulikuwa umeshapita, na hasara ilikuwa imeshaingia kwenye nyumba za watu.

Chuo kikuu ni mizani ya aina hiyo. Kazi yake ni kupima: sera hii inafaa au haifai, dawa hii inaua ugonjwa au inaua nyuki, shule hii inafundisha au inahifadhi watoto. Inapima kwa wote, wenye kadi ya rangi yoyote na wasio na kadi. Ikishaonekana ni ya mtu, hata ikipima sawasawa, watu watabeba magunia yao na kuondoka.

Na sisi wa Kusini hatukuzaliwa na shaka hii. Tunajua mtaalamu anayeaminika anafananaje, kwa sababu tuliwahi kuwa naye na bado tunaye, hapo Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufika katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa chini ya tani 20,000. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nawaona wazazi wa wanafunzi wangu wakikata mikorosho kwa ajili ya kuni. Watafiti walieleza sababu bila kuchagua zinazopendeza: ugonjwa wa ubwiriunga uliokausha maua, bei ndogo iliyomkatisha mkulima tamaa, na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao wakati wa Operesheni Vijiji. Hiyo ya mwisho iliigusa sera ya serikali na chama chenyewe, tena wakati nchi ina chama kimoja. Iliandikwa hivyohivyo. Kisha wataalamu wakashuka vijijini na salfa na mabomba ya kupulizia, wakafundisha kubebesha miche, wakachagua mikorosho inayozaa, wakarudi mwaka uliofuata kuuliza imekuwaje. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Mpaka leo ukisema Newala kwamba unatoka Naliendele, utapewa kiti na maji ya kunywa kabla ya kuulizwa jina. Na maji kwetu, juu ya uwanda huu wa Wamakonde, hayatolewi ovyo.

Mtaniambia chuo kikuu na siasa havikuanza kukutana jana. Najua, nimefundisha Historia. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Lakini chuo kilichozaliwa ndani ya nyumba ya chama hakikukubali kuwa mtoto mtiifu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya JKT, zaidi ya 300 wakafukuzwa. Mimi naona Mwalimu Nyerere alikuwa na haki ya kukasirika na wasomi waliokwepa jeshi la kujenga taifa, na naona pia alikosea kuwafukuza wote kwa mkupuo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, na tena wakafukuzwa. Nilikuwa msichana wa sekondari. Wazee wa kijijini kwetu, ambao hawakujua kusoma, walisikia kwenye redio kwamba watoto wa chuo wamefukuzwa kwa kusema wakubwa wanajiongezea, na walikaa kimya muda mrefu. Baba alisema, "Kumbe hawajatusahau." Hakuna tangazo la chuo lililowahi kukijengea heshima kuliko siku ile.

Hata hivyo ni familia yangu hiyohiyo iliyoonja upande mwingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilibadili njia ya kuingia chuo kikuu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa apite JKT, afanye kazi kwanza, kisha apate mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama. Nia ilikuwa njema: msomi asitoke darasani hadi darasani bila kulijua jembe wala kiwanda. Lakini nia njema ilipofika ngazi ya tawi ilikutana na binadamu. Kaka yangu mkubwa alikuwa na alama nzuri, alikuwa amemaliza JKT na kufanya kazi ghalani. Katibu wa tawi alikuwa na ugomvi na baba kuhusu mpaka wa shamba la mikorosho. Barua ya mapendekezo ikawa inatafutwa, haijaonekana, njoo wiki ijayo, mpaka miaka ikapita. Kaka alifariki akiwa karani wa ghala. Alikuwa anasema, "Mtihani nilifaulu. Nilichofeli ni tawi." Alilisema mara nyingi, na kila mara sauti yake ilikuwa chini kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Utaratibu ule uliondolewa, na mfumo wa vyama vingi ukarudi mwaka 1992. Sasa nisikilizeni vizuri, Waheshimiwa: vijana wa mikoa hii wanaamini haujaondoka. Wanaamini kwamba bila kadi hupati nafasi ya mafunzo kwa vitendo, hupati ajira, hata mkopo una watu wake. Bodi ya Mikopo ina vigezo vilivyoandikwa, na nimewasomea vijana vigezo hivyo mimi mwenyewe, mstari kwa mstari. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wananiuliza mbona fulani aliyekuwa akipiga picha na viongozi ndiye aliyeitwa kazini. Sina ushahidi kwamba wako sahihi. Ninachojua ni kwamba wanaamini hivyo, na kijana anayeamini hivyo anaenda chuo kujifunza jambo moja tu: nani wa kumsifia.

Neno lake sasa linajulikana nchi nzima. Wanaitwa chawa. Zamani neno hilo lilikuwa la wasanii na matajiri wao. Siku hizi nasikia likitumika kwa wasomi, kwa watu wenye shahada tatu, na inaniuma kwa sababu baadhi yao ninawafahamu na wana akili kubwa. Profesa anasimama kwenye televisheni, kabla hajafungua kinywa mtu kibarazani anasema, "Huyu anatafuta uteuzi." Wanaweza kuwa wamemkosea. Lakini wameona mara ngapi mhadhiri aliyesifia sana mwaka huu, mwaka kesho jina lake likasomwa kwenye orodha kutoka Ikulu? Serikali inahitaji wasomi, silipingi hilo. Nchi isiyotumia watu wake waliosoma itatumia nini? Tatizo ni mlango kuwa wazi pande zote mbili muda wote, mtu anakuwa mtafiti asubuhi na mteuliwa mtarajiwa jioni, na hakuna anayejua sentensi anayoisema ni ya nani kati ya hao wawili.

Wala sisemi ni chama kimoja tu. CCM ina Seneti yake ya Vyuo na Vyuo Vikuu, Chadema ina CHASO, umoja wa wanafunzi wake, na vijana wana haki ya kuwa na mawazo. Nimekutana pia na mhadhiri wa upande wa upinzani anayewapa wanafunzi hotuba ya kampeni katika kipindi cha takwimu, na huyo naye anaiba muda wa mtoto wa mkulima. Wako wanasiasa wa upinzani wanaobeba utafiti kama bendera pale unapoikosoa serikali, na ukiwakosoa wao wanasema umenunuliwa. Lakini uzito haulingani, na kusema unalingana ningekuwa nawadanganya. Mwenye kuteua, mwenye bajeti na mwenye kuruhusu ni mmoja. Wanafunzi wangu wa zamani, waliosoma vyuo tofauti, wamenisimulia mabasi ya chuo yakipeleka watu kwenye shughuli ya chama, fulana zikigawiwa bwenini, mgombea wa serikali ya wanafunzi akiitwa ofisini na kushauriwa asigombee. Sitataja chuo, maana nia yangu si kumchongea mtu. Mnavijua.

Turudi nyuma kidogo, Mei 2013. Nilikuwa nafundisha Mtwara mjini. Tarehe 22 bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni Dodoma, bomba la gesi kwenda Dar es Salaam likathibitishwa, na mji wetu ukawaka. Nyumba zilichomwa, watu walikufa, jeshi likaingia. Sisi walimu tulijifungia ndani na wanafunzi wa bweni tukiwahesabu kila saa. Naomba mkumbuke kwamba kabla ya moto kulikuwa na maswali, na yalikuwa maswali ya kitaalamu kabisa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982; kwa nini umeme usizalishwe hapahapa na kusafirishwa kwa nyaya? Mtambo wa kusafishia ukijengwa Madimba, kazi zitakuwa ngapi na za nani? Halmashauri itapata kiasi gani? Maswali hayo yana majibu ya hesabu, mengine huenda yalikuwa upande wa serikali. Yaliulizwa mitaani mwaka mzima, na waliokuja kuyajibu walikuja na vipaza sauti vya vyama. Mimi sikumwona mtu aliyekuja na ubao na chaki, asiye na fulana, akasema: hesabu ni hizi, hapa serikali iko sahihi, hapa wananchi mko sahihi. Angekuja mmoja, sidai kwamba moto usingewaka. Nadai kwamba tulistahili ajaribu.

Miezi hiyohiyo matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wanafunzi wangu waliokuwa wamefeli Februari, wengine walikuwa wamefaulu kufikia Juni bila kushika kalamu. Walikuja kuniuliza, "Madam, sasa mimi nina akili au sina?" Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliambiwa waondoke Chuo Kikuu cha Dodoma ndani ya saa 24, katika programu ambayo serikali yenyewe ndiyo iliyoianzisha. Mzazi anayeona hayo haandiki makala gazetini. Anahitimisha kimyakimya kwamba cheti kinapandishwa na kushushwa na wakubwa, na mwaka unaofuata korosho zikiuzwa ananunua bodaboda badala ya kulipa ada.

Wenzetu wa Marekani wana kipimo cha jambo hili. Kampuni ya Gallup huwauliza wananchi wao wana imani kiasi gani na elimu ya juu. Mwaka 2015, watu 57 katika kila 100 walisema imani yao ni kubwa. Mwaka 2023 walibaki 36. Kilichonishtua zaidi ni mgawanyo wake: kwa wafuasi wa chama cha Republican imani ilianguka kutoka 56 hadi 19, kwa wale wa Democrat kutoka 68 hadi 59. Gharama za masomo na madeni vilichangia, lakini wengi waliopoteza imani walitaja siasa ndani ya vyuo. Nusu ya nchi iliona chuo ni nyumba ya wapinzani wao. Upande ulioona hivyo uliposhika madaraka, ukaja na nyundo: Aprili 2025 serikali ya Trump ilizuia zaidi ya dola bilioni 2 za utafiti wa Harvard. Mwaka huohuo imani ya wananchi ilipanda kidogo, ikafika 42, lakini bado ni mbali na ilikotoka.

Kwetu sura ni nyingine. Kule chuo kinashukiwa na watu wa chama kimoja kwamba ni cha chama cha pili. Huku kinashukiwa na watu wa kawaida kwamba ni cha wenye nchi. Kule wanapiga kelele, kuna takwimu, kuna kesi mahakamani. Huku mzee anatikisa kichwa na kubeba gunia lake, na hakuna Gallup wa kumhesabu. Tena kumhesabu kuna historia yake. Mwaka 2018 taasisi ya Twaweza ilichapisha maoni ya wananchi kuhusu viongozi, ikaandikiwa barua na Tume ya Sayansi na Teknolojia ijieleze kuhusu kibali. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikabadilishwa ili kupingana na takwimu rasmi liwe kosa. Namshukuru aliyeona umuhimu wa kuirekebisha tena mwaka 2019. Lakini hofu haisomi Gazeti la Serikali. Mtafiti aliyejifunza kunyamaza mwaka 2018 bado amenyamaza.

Ninachoomba sasa ni mambo ambayo mnayaweza bila fedha za mkopo kutoka nje.

Wakuu wa vyuo vya umma wapatikane kwa ushindani wa wazi, majina ya waliofikia hatua ya mwisho yatangazwe, na wanataaluma wenzao wawasikilize wakieleza watakavyokiongoza chuo. Profesa akiteuliwa kushika wadhifa wa kisiasa aende kwa amani, tena tumpongeze. Ila kiti chake chuoni kisimsubiri, na akitaka kurudi aombe kama wengine. Mabasi ya chuo yapeleke wanafunzi kwenye mafunzo. Serikali za wanafunzi zichaguliwe na wanafunzi, na dawati la mlezi wa wanafunzi liache kuwa mahali pa kuchujia wagombea. Haya ninayaandika kwa kifupi kwa sababu hayahitaji maelezo, yanahitaji mtu wa kuyaamua.

Ninalotaka kulikalia ni matokeo ya utafiti. Kila utafiti unaofanywa katika vijiji vyetu, kwa fedha za umma, urudi kijijini ulikofanyika kabla haujaenda kwenye semina ya hoteli. Urudi kwa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa chama cha msingi, na anayeusoma akubali kuulizwa. Mwaka 1991 Rais Mwinyi alimpa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuongoza tume ya masuala ya ardhi. Walizunguka nchi, wakakaa na wanakijiji mikutanoni, wakaandika walichoambiwa. Serikali haikuyakubali mapendekezo makubwa ya tume ile. Lakini yameandikwa, yanasomwa, na mtu yeyote anaweza kuona serikali ilishauriwa nini na ikaamua nini. Hivyo ndivyo chuo na serikali vinavyoweza kutofautiana bila yeyote kufukuzwa. Mnaogopa nini kurudia?

Na kuna nafasi mpya hapa kwetu. Mtwara tuna chuo cha Stella Maris tangu 2009, na sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu. Tumeingoja sana. Watoto wetu wamepanda mabasi ya Dar es Salaam kwa vizazi viwili, wengi hawakurudi. Nawasihi msiifungue kampasi ile kwa nyimbo za chama. Msiipake rangi ya mtu. Siku ya kwanza waalikeni wakulima wanaofika viwanja vya Ngongo kila Nanenane, wavuvi wa Kilwa, wanawake wa mwani, muwaulize: mnataka tuwapimie nini? Yale mtakayoambiwa siku hiyo yawe kazi ya miaka mitano ya kwanza.

Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila na asirudi, ni msaliti. Nimekuwa nikiufundisha mfano huo miaka yote. Nikiwa Newala sihitaji kuufikiria, nauona: mama anauza gunia la mwisho la korosho, mjomba anaongeza, shangazi anatoa fedha ya mchezo, mtoto anaenda chuo, na akipata kazi atakatwa 15% ya mshahara kulipa mkopo. Chakula kimetoka kwenye kila nyumba, za wenye kadi hii na za wenye kadi ile. Anachokuja nacho hakiwezi kugawiwa upande mmoja wa kijiji.

Nimalizie habari ya binti. Wenzake walimshauri zile dodoso 49 zilizobaki azijaze mwenyewe usiku chumbani, kwamba wengi hufanya hivyo. Alikataa. Aliandika ripoti yake kwa majibu 11, na kwenye ukurasa wa changamoto za utafiti akaeleza kilichotokea ghalani. Msimamizi wake, ambaye binti anamsifu kuwa mtu mwema, alimshauri aiondoe sentensi moja kwa sababu ina siasa. Akaiondoa. Alihitaji kuhitimu, na simlaumu.

Nimemwomba ruhusa niiandike mimi, maana sina cha kuhitimu. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Baadhi ya wakulima walikataa kujibu kwa sababu walitaka kujua kwanza chuo ni cha chama gani."

Naomba iingie kwenye majalada yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara.